Kuwinda kwa Macho: Mwongozo wa Kuchagua Darubini na Vifaa vya Porini kwa Mkazi wa Nairobi

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaja kulikaza fundo hilo kwa adhabu kali zaidi. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Nairobi anayesoma mtandaoni kuhusu pinde za kapi, bunduki zenye darubini na majaketi yasiyopitisha mvua huwa anasoma habari za shughuli ambayo hawezi kuifanya nyumbani kwake bila kuishia mahakamani. Hata hivyo, vifaa vingi vilivyobuniwa ili mwindaji amwone mnyama kabla ya kuonwa naye havikuzikwa pamoja na vibali vya uwindaji. Vimehamia mikononi mwa watazamaji wa ndege, wapiga picha na askari wa wanyamapori, na leo mtu anayeingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi saa kumi na mbili asubuhi hubeba begani mambo mengi aliyokuwa nayo mwindaji, isipokuwa silaha. Mwongozo huu unamhusu mtu huyo, hasa yule anayenunua kwa mara ya kwanza na ambaye hana fedha za kununua mara mbili.

Vilikotoka vifaa hivi

Kabla ya bunduki kuenea, Waata wa nyika za Tsavo waliwinda ndovu kwa upinde mrefu na mshale uliopakwa sumu ya mti wa msunguti. Kemikali iliyomo katika sumu ya jamii hiyo ya miti wanasayansi waliipa jina ouabain, kutokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale. Upinde ule ulimlazimu mwindaji kumsogelea mnyama hadi hatua chache, kwa hiyo akiba yake kubwa ilikuwa kuusoma upepo, kuzisoma nyayo na kujua wakati wa kusimama kimya. Macho yake yalimtosha kwa sababu umbali ulikuwa mdogo.

Umbali huo ndio uliobadilika. Baruti isiyotoa moshi mwingi, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1884, ilimwondolea mwindaji wingu jeupe lililokuwa likimziba baada ya kila risasi, na ikaipeleka risasi mbali zaidi na kwa kasi zaidi. Theodore Roosevelt alipoteremka Mombasa mwaka 1909 kuanza msafara wake, alikuwa na Winchester ya muundo wa mwaka 1895 na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, silaha ambazo babu za wawindaji wa wakati wake wasingeziota. Silaha ilipoanza kufika mbali kuliko jicho linavyoweza kutambua, jicho likawa ndilo kikwazo, na kazi ya mafundi wa vioo ikapata soko jipya.

Mwitaliano Ignazio Porro alikuwa amepata hataza ya mpangilio wa prizimu (vipande vya kioo vinavyoupinda mwanga ndani ya darubini) mwaka 1854, lakini vioo vya wakati huo havikuwa safi vya kutosha, hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 1894 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilipoanza kuuza darubini za prizimu zilizotengenezwa vizuri. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyefanya kazi katika kampuni hiyohiyo, aligundua namna ya kupaka lenzi utando mwembamba unaozuia mwanga usirudi nyuma. Nitaurudia utando huo hapa chini, kwa maana ndio unaotenganisha darubini nzuri na pambo la rafuni.

Mengine yalifuata upesi. Upinde wa kapi ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1960. Kitambaa cha Gore-Tex kilianza kuuzwa mwaka 1976. Mwezi Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kuivuruga makusudi ishara ya GPS kwa raia, na kifaa kilichokuwa kikikosea kwa meta mia moja kikaanza kukosea kwa meta kumi au ishirini. Kamera za kutega mtini, ambazo wawindaji wa kulungu wa Marekani walizinunua kwa wingi ili kujua dume kubwa linapita saa ngapi, leo zinafungwa na watafiti katika misitu yetu ili kuhesabu chui.

Hapa kwetu mgeuko huo una kaburi lake. Denys Finch Hatton, mwindaji wa kulipwa aliyewaongoza matajiri wa Ulaya, alianza katika miaka ya mwisho ya uhai wake kuwahimiza wageni wake wachukue kamera badala ya bunduki, na baada ya ndege yake kuanguka mwaka 1931 alizikwa kwenye vilima vya Ngong.

Hatua ya kwanza: amua utakakokwenda

Usianze dukani. Anza na swali la mahali, kwa sababu Nairobi ina mazingira ya aina mbili yanayodai vifaa tofauti. Mbugani, ambako unatazama kutoka ndani ya gari, mnyama huweza kuwa umbali wa meta mia tano kwenye nyasi wazi za upande wa Athi, na uzito wa kifaa haukusumbui kwa kuwa hukibebi. Katika msitu wa Karura, Oloolua au bustani ya Arboretum unatembea kwa miguu, ndege yuko meta kumi juu ya kichwa chako katikati ya majani, na baada ya saa tatu kila gramu inayoning'inia shingoni inaanza kudai haki yake. Ukienda kote kuwili, na watu wengi huenda kote kuwili, nunua kwa kufikiria matembezi ya miguu.

Hatua ya pili: jifunze kuzisoma namba mbili

Kila darubini ina namba mbili zilizoandikwa pamoja, kama vile 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye umbali wa meta 400 ataonekana kama yuko meta 50. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa dirisha linaloingiza mwanga. Wauzaji husifu namba ya kwanza. Wewe itazame ya pili, kisha uzigawanye.

Kugawanya huku ndiko kiini cha jambo. Gawanya 42 kwa 8, utapata 5.25, na hicho ndicho kipenyo kwa milimita cha duara la mwanga linalotoka upande wa jicho. Mboni ya binadamu hufunguka milimita mbili au tatu hivi mchana wa jua kali, na kadiri giza linavyoingia hupanuka hadi milimita tano, kwa vijana hata saba. Duara la mwanga likiwa dogo kuliko mboni, unatazama kupitia tundu la sindano na mnyama anakuwa kivuli. Darubini ndogo ya mfukoni ya 10x25 inatoa milimita 2.5 tu, na ndiyo maana inapendeza dukani saa saba mchana lakini inakuangusha saa kumi na mbili unusu alfajiri, wakati simba ndio kwanza wanatoka kwenye mawindo yao.

Wajerumani wana darubini nzito za 8x56, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayemvizia nguruwe mwitu katika utusitusi mrefu wa Ulaya. Usishawishike nazo. Hapa karibu na Ikweta jua likishazama giza halichukui hata nusu saa, na isitoshe, milango ya mbuga yetu hufungwa jioni. Mwanga hafifu unaokuhusu ni ule wa nusu saa ya kwanza ya asubuhi, na milimita 42 zinautosha.

Kuhusu ukuzaji, msimamo wangu ni kwamba anayeanza achukue 8. Ukuzaji ukipanda, mtetemo wa mikono yako nao unakuzwa kwa kiasi hichohicho, na uwanda unaouona unapungua: kwa 8 huona upana wa takriban meta 130 kwa umbali wa meta 1,000, na kwa 10 huona takriban meta 110. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini jaribu kumtafuta chozi anayerukaruka kwenye ua la mshubiri ndipo utakapoielewa. Kisha kuna mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi hewa juu ya nyasi za mbuga huanza kuchemka, na darubini ya 12 au 15 itakuonyesha hewa hiyo ikicheza kwa ukubwa zaidi, kongoni akiwa amepindapinda kama nguo kambani.

Nilijifunza haya kwa gharama. Darubini yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja la katikati ya jiji, na ilikuwa ya aina inayobadilisha ukuzaji kutoka 10 hadi 30. Muuzaji aliniapia kwamba ukiwa juu ya jengo refu unaiona Thika. Siku ya kwanza niliyoipeleka kwenye bwawa la Hyena, nilihangaika kwa dakika kadhaa na doa jeusi linalotetemeka, nikibishana na nafsi yangu kama ni nyati au faru, na wakati huo rafiki yangu mwenye 8 ya kawaida alikuwa ameshamaliza kuwahesabu nyati wote. Darubini za kubadilisha ukuzaji hazifai kwa kazi hii; zina vioo vingi mno ndani, na bei ya chini haiwezi kuvitengeneza vizuri vyote.

Hatua ya tatu: nunua kioo, usinunue plastiki

Kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Asilimia 4 si kitu, mpaka ukumbuke kwamba ndani ya darubini mwanga huvuka nyuso kumi au zaidi kabla ya kukufikia, hivyo thuluthi ya mwanga inaweza kupotelea njiani, na sehemu ya huo uliopotea ikarudi kama ukungu mweupe unaofifisha rangi. Utando ule wa mwaka 1935 ulikuja kutibu ugonjwa huu. Siku hizi darubini nzuri huwa na tabaka kadhaa za utando kwenye kila uso, na zile za bei ya chini huwa na tabaka moja kwenye uso mmoja au mbili tu.

Unaweza kupima mwenyewe bila chombo chochote. Ishike darubini chini ya taa ya dari, utazame kuakisi kwa taa hiyo ndani ya lenzi ya mbele. Vivuli vya taa vikiwa vya kijani kibichi, zambarau au buluu hafifu, utando upo. Kimoja kati yake kikiwa cheupe na kikali kama balbu yenyewe, kuna uso ulioachwa uchi. Na lenzi ikiwa nyekundu inayong'aa kama jicho la paka, irudishe rafuni, hata kama wengi huvutiwa na rangi hiyo. Utando wa aina hiyo hurudisha nje mwanga mwekundu na kukuachia ulimwengu wenye rangi ya kijani ya maji.

Halafu geuza darubini, uishike mbali na uso wako kwa urefu wa mkono na kuitazama lenzi ya jicho. Utaliona lile duara la mwanga. Likiwa mviringo kamili, prizimu ni nzuri. Likiwa na pembe zilizokatwa, kana kwamba mtu amelipiga pasi pande nne, prizimu ni za kioo hafifu.

Kuna maumbo mawili ya darubini. Yenye mabega yaliyotanuka hufuata mpangilio wa Porro, na kwa fedha kidogo hukupa picha bora kuliko nyenzake. Yenye mirija miwili iliyonyooka ni nyembamba, huzibwa vyema dhidi ya maji na vumbi, lakini prizimu zake ni ghali kuzitengeneza sawasawa, na mpaka Zeiss walipoleta utando maalumu wa prizimu hizo mwaka 1988 hata zile nzuri zilikuwa na upungufu wa ukali. Kwa vumbi letu la Januari na mvua ya masika, ningependekeza mirija iliyonyooka, iwe imejazwa gesi ya naitrojeni ndani ili isipate ukungu. Fedha zikiwa chache kweli, Porro itunzwe vizuri nayo itadumu.

Hatua ya nne: jaribu nje ya duka, na ujaribu ya wenzako kwanza

Ukishajua unachokitafuta, usikimbilie kununua kwa picha ya simu. Wanachama wa Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira asilia, wamekuwa kwa miaka mingi wakikutana asubuhi za Jumatano kwenye Makumbusho ya Taifa kwenda kutazama ndege, na hakuna duka litakalokuonyesha darubini za aina nyingi kama zile zinazoning'inia kwenye shingo za kundi hilo. Omba kwa adabu kutazama kupitia mbili tatu. Watazamaji wa ndege hupenda kuombwa.

Dukani, mwombe mwenye duka akuruhusu usimame mlangoni utazame mbali: ukingo wa paa, mlingoti, maandishi ya bango lililo upande wa pili wa barabara. Kamwe usielekeze darubini kwenye jua. Ikunje darubini katikati hadi ilingane na upana wa macho yako na uone duara moja, si mawili yanayopishana. Fumba jicho la kulia, ulenge kwa gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione herufi kwa ukali. Kisha fumba la kushoto na uzungushe pete iliyo karibu na jicho la kulia hadi nalo lione vilevile. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati pekee. Watu wengi wanaolalamika kwamba darubini zao ni mbovu hawajawahi kuigusa pete hiyo.

Baada ya hapo tazama kwa dakika tano mfululizo. Ukihisi macho yanavutwa, au ukiishusha darubini na dunia ikachukua sekunde kadhaa kutulia, mirija miwili haitazami mahali pamoja na ubongo wako unafanya kazi ya kuilazimisha. Kasoro hiyo haizoeleki. Darubini hiyo iache hata ikiwa na punguzo.

Mwenye miwani asiondoke bila kuuliza umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi. Uwe angalau milimita 15, na 17 au 18 ni bora zaidi. Pungufu ya hapo utaona katikati tu ya picha kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Vikombe vya mpira vinavyozunguka lenzi ya jicho vishushwe kwa mwenye miwani na vipandishwe kwa asiye nayo.

Uzito wa darubini za 8x42 huwa kati ya gramu 600 na 800. Mkanda mwembamba unaokuja nayo utupilie mbali, ununue ule wa kupita mabegani na mgongoni, unaofanana na mkanda wa suruali za fundi.

Hatua ya tano: mavazi

Nguo za kisasa za wawindaji zina mabaka ya majani yaliyochapishwa kwa ustadi, na katika marobota ya mitumba ya Gikomba hupatikana majaketi mazuri ya aina hiyo kwa bei ya kuchekesha. Yaache. Nchini Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za kijeshi, na askari atakayekusimamisha barabarani Lang'ata hatakaa kuchunguza kama mabaka yako ni ya jeshi au ya wawindaji wa bata. Tafuta kwenye robota hilohilo jaketi la rangi moja, kahawia iliyopauka au kijani cha jani kavu, lenye mifuko mingi na kitambaa kisichokwaruza kelele unaposogeza mkono. Mnyama hutambua mwendo na umbo kabla ya rangi, hivyo kofia inayoficha mng'ao wa uso ina faida kuliko mabaka yoyote.

Rangi nyeupe huonekana kutoka mbali. Buluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, jambo utakalolijutia ukifika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma katika Bonde la Lambwe ukiwa umevaa jinzi. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za Nairobi huwa za baridi ya kuuma, kwa maana jiji liko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo vaa tabaka mbili tatu unazoweza kuzivua badala ya koti moja zito.

Hatua ya sita: vya kuongezea, na vya kuviacha

Gawa fedha zako hivi: thuluthi mbili kwa darubini, inayobaki kwa mambo mengine yote. La kwanza kati ya hayo ni mfuko wa kuegemeza. Mpe fundi wa mtaani kipande cha turubai akishone, ukijaze maharagwe au mchele, ukiweke kwenye dirisha la gari na kulaza juu yake darubini au kamera. Hutulia kuliko stendi nyingi za miguu mitatu, na safari ikirefuka kupita chakula mlichobeba, maharagwe yapo. Zima injini kabla ya kutazama. Mtetemo wake hupanda hadi kwenye kioo.

Chupa ya maji iwe ya chuma au ya kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Ndege isiyo na rubani iache nyumbani kama huna kibali. Kamera ya kutega ni nzuri kwa mwenye shamba au ploti inayopakana na mbuga upande wa Kitengela, lakini usiifunge ndani ya hifadhi bila ruhusa. Kamera zinazoona joto la mwili, ambazo Maasai Mara zilianza kutumiwa mwaka 2016 kuwanasa majangili usiku, ni ghali na hazimsaidii mtazamaji wa mchana.

Kifaa kimoja cha uwindaji bado unaweza kukutana nacho: kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye kichaka. Usikichomoe wala usikipitie karibu. Weka alama ya mahali kwenye simu yako na uwaarifu askari wa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya (KWS) walio karibu.

Hatua ya saba: kutumia na kutunza

Ukimwona mnyama kwa macho, usiyaondoe macho kwake ili kuitafuta darubini. Endelea kumkazia, uinue darubini ikutane na macho yako palepale. Fanya zoezi hili ukiwa kwenye roshani ya nyumba yako, ukimlenga kunguru kwenye waya wa umeme, hadi umpate kila mara bila kupapasa.

Vumbi la mbugani lina chembe za mchanga, na kulifuta kwa pindo la shati ni sawa na kuipiga lenzi msasa. Lipeperushe kwanza kwa kipulizio cha mpira au brashi laini, ndipo upanguse kwa kitambaa cha miwani, ukianzia katikati kwenda pembeni. Darubini iliyoloa mvua ikaushwe ikiwa nje ya mfuko wake. Ihifadhi kwenye kopo lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, hasa ikiwa umerudi nayo kutoka Pwani, ambako kuvu huota juu ya lenzi na kuacha michoro isiyofutika. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kunywa chai.